Bega la Binti Yangu na Yule Mjerumani

Mpaka leo watu wakianza kumsifu yule Mjerumani mbele yangu, nainuka naenda kuosha vyombo, hata kama ni nyumbani kwa mtu mwingine. Ati alilea watoto wetu. Ati bila yeye wasichana wa mji wetu huu wa Laurel, huku Marekani, hawangejua mpira wa mikono. Wacha niseme venye ilikuwa, halafu kila mtu abaki na sifa zake.

Huyu mtu alicheza mpira wa mikono kwao Ujerumani miaka kumi na moja, na huo mchezo ndio ulikuwa kazi yake. Bega lilipomharibikia akaacha kucheza, akawa afisa wa timu huko huko, yule wa kukaa benchi na makaratasi, anaamua nani anaingia na nani anarudi nyumbani. Mke wake akapata kazi ya kompyuta huku Marekani, mji wa Herndon, naye akamfuata. Hapa hakuna aliyemjua, Wamarekani hata huo mchezo hawaujui. Akaanzisha timu ya wasichana, na waliojaa ni watoto wetu sisi Wakenya na Wakongo, kwa sababu sisi wazazi tuliucheza shuleni. Mimi mwenyewe nilikuwa kipa sekondari. Alimweka kijana mmoja mpole awe kocha, lakini huyo kocha akitaka hata kukohoa alimwangalia Mjerumani kwanza.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa anarusha mpira mpaka kipa anafunga macho. Mjerumani akaanza kuja kwangu. Nilimpikia chapati. Nilisema kanisani ni Mungu ametuletea. Siku moja hapo mezani akatuhadithia mechi kubwa aliyocheza: bega limekataa, daktari wa timu akamdunga sindano ya ganzi, akacheza mpaka mwisho na kufunga mabao tisa.

"Na kesho yake," akasema akicheka, "sikuweza kuinua kikombe. Mke wangu alininywesha kahawa kama mtoto!"

Binti yangu alikuwa anamsikiliza mdomo wazi. Na mimi nikacheka. Nikamwongeza chai. Hicho kicheko changu kinaniuma kuliko mambo yake yote.

Akatuambia kuna wageni wanakuja kutoka timu yake ya zamani, kumwangalia binti yangu akicheza. Wakimpenda watamchukua kwa shule yao ya michezo. Kuanzia hapo nyumba yangu ikawa ni Ujerumani tu. Asubuhi Ujerumani, jioni Ujerumani.

Wiki mbili kabla ya wageni, mtoto akaniita nimfungie zipu ya gauni la kanisa. Zipu ya mgongo, na alikuwa anajifungia tangu darasa la tatu! Mimi mchana nilikuwa nahudumia wazee, jioni niko darasani nasomea uuguzi. Bega bovu nalijua mtu akiingia tu mlangoni.

"Inua mkono."

"Mum, siko mgonjwa."

"Nimesema inua."

Akauinua mpaka kifuani, ukakwama hapo. Kwa begi lake nikapata bahasha ya vidonge.

"Ni yeye amekupa?"

"Amesema wachezaji wakubwa wote wanacheza na maumivu. Mum, tafadhali usiniharibie."

Nikampeleka kliniki. Daktari akasema nyuzi za bega zimeanza kuchanika, asirushe kitu wiki sita, na akiendelea atafanyiwa upasuaji na pengine mkono hautarudi vile ulikuwa. Akaandika barua. Nilimpa Mjerumani hiyo barua mkononi. Nikamuuliza na habari ya vile vidonge, akasema ni vya kawaida tu, vya dukani. Akasoma barua, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Atavaa jezi akae benchi. Wageni wamsalimie tu."

Halafu akaniomba kitu. Mashindano yalitaka timu ya wasichana iwe na mwanamke mmoja kati ya maafisa wake, na hakuwa naye. Akaandika jina langu kwa karatasi ya mechi: afisa wa timu. "Kazi yako ni maji na taulo," akasema. Nikakubali, nikijua nitakuwa karibu na mtoto.

Mechi ilikuwa Jumapili. Nilitoka ibadani kabla ya baraka, kitu sijawahi kufanya. Kipindi cha kwanza binti yangu alikaa benchi kama tulivyopatana. Cha pili, timu yetu ikiwa nyuma mabao mawili, nikaenda kujaza chupa za maji. Kurudi, mtoto yuko uwanjani.

Alirusha mara ya kwanza akafunga. Ukumbi mzima ukapiga kelele, wale wageni wakaandika. Alirusha mara ya pili, nikauona mkono ukianguka, ukaning'inia tu kando yake. Mjerumani akasimama kwa mstari. "Endelea! Dakika tano tu!"

"Mtoe," nikamwambia.

"Kaa chini, Mama. Hapa ni michezo, si kanisa."

Kocha akaangalia viatu vyake.

Sasa, kila timu ina kadi ya kijani ya kusimamisha mchezo dakika moja. Afisa anaiweka mezani mbele ya mtunza saa, lakini mpira lazima uwe kwa timu yake. Hiyo kadi ilikuwa kwa benchi, chini ya makaratasi yake. Nikaichukua. Nikangoja mpaka msichana wetu mmoja akaudaka mpira. Nikatembea nikaigonga mezani. Filimbi ikalia.

Mjerumani akageuka mwekundu. "Nani ameomba?"

Mtunza saa akanionyesha kwa kidole.

"Wewe? Wewe ni wa maji!"

"Jina langu liko kwa karatasi. Uliliandika mwenyewe."

Nikaingia uwanjani na viatu vyangu vya kanisa, nikamshika mtoto kwa mkono wake usiouma. "Unaniaibisha," akalia, "wananiangalia!" Nikamwambia, "Wacha waangalie. Twende." Msichana mmoja Mkongo wa timu yetu akatukimbilia na begi la binti yangu. "Pole, Mama," akasema, pole pole, asisikike.

Bega halikuhitaji upasuaji. Daktari alisema mirusho michache zaidi na ingekuwa hadithi nyingine. Lakini binti yangu hakuniongelesha. Siku tisa, chakula anachukua, anageuka, anafunga mlango wa chumba.

Siku ya tisa Mjerumani akaja. Nikadhani amekuja kuomba radhi, nikakaza uso kabisa. Alikuja kuchukua jezi.

Nikamletea, nimeifua na kuipiga pasi, sijui kwa nini. Nikamuuliza, "Wakati ule wanakudunga ganzi, nani alikusimamishia mchezo?"

Akafikiria. "Hakuna mtu," akasema. "Ndiyo maana nikawa mchezaji."

Alisema hivyo bila hata haya. Alijua vizuri kile kilimpata, na ndicho alimtakia mtoto wangu. Mchungaji ananiambia nisamehe. Napiga magoti naomba hiyo neema kila asubuhi, na nikisimama bado nina hasira.

Binti yangu alikuwa ametoka chumbani, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Sikujua amesimama hapo muda gani.

"Nikipona," akamuuliza, "wale wageni watanitaka?"

"Walimpenda yule mwingine," akajibu. "Yule aliingia badala yako."

Hakuuliza bega likoje. Akaweka jezi kwapani, akashuka ngazi. Sisi wawili tukabaki mlangoni mpaka gari lake likatoka.

"Funga mlango, Mum," binti yangu akasema. "Baridi inaingia."

Nikafunga.