Mwalimu Aliyekata Migomba

Mume wangu Idefonsi ni mwalimu wa historia hapa Kasulo, karibu na mpaka wa Rwanda, na somo alilolipenda kuliko yote ni Hispania. Jamani, tulilisikia hadi mezani! Eti mfalme wao aliletewa shehena za fedha kutoka migodi ya Amerika, ng'ambo ya bahari, miaka nenda miaka rudi. Bei zikapanda, nguo wakanunua kwa wageni, wafumaji wao wakakosa kazi. Mwisho mfalme akafilisika, tena si mara moja. "Mali usiyoitolea jasho," alikuwa akisema huku ameninyooshea kijiko, "inakusahaulisha jembe."

Basi mwaka tisini na nne wakimbizi wakatujia kutoka Rwanda, maelfu kwa maelfu, na nyuma yao malori ya misaada na wageni wanaotafuta pa kulala. Barabara haikutulia, na mimi sikutulia. Unga wa msaada uliuzwa sokoni kwa bei ya kutupa. Chumba cha kupanga kilikuwa bei ya juu mno. Idefonsi akaanza kupima kibanja chetu cha migomba kwa hatua.

"Vyumba sita, Mama Abeli. Ndizi tutanunua."

"Na Hispania je?"

Akacheka. "Hayo ya zamani."

Nami, nisijitakase, niliwaza bati jipya nikamsaidia kuhesabu hatua.

Aliyejaribu kutuzuia ni Akimana, mkimbizi aliyekuwa akitusaidia kupalilia. Alipoona panga alikumbatia mgomba. "Mama Abeli, sisi tulifukuzwa na vita. Hata siku ile hatukukata migomba." Nilimjibu ovyo, na mpaka leo inaniuma. Migomba ikakatwa yote, vyumba vikasimama, wapangaji wakajaa.

Desemba ya tisini na sita wakimbizi wakarudishwa kwao, Akimana naye. Malori yakaondoka, wapangaji wakaondoka. Unga wa msaada ukatoweka sokoni, na wa dukani mshahara wa mwalimu haukuufikia. Vyumba sita, vitupu! Hebu nenda kapike chumba.

Nikamwendea jirani yetu Scholastika, ambaye hakukata hata mgomba mmoja. Akanichimbulia machipukizi kumi bila kunisimanga, na huko kutosimangwa ndiko kulikoniua. "Yatazaa mwakani, Mungu akipenda," akasema. Mwakani! Na watoto wangu siku ya tatu wanalala na uji mwepesi.

Nilirudi nimejitwika mzigo. Idefonsi akanitua, akageuka huku na huku. Saruji ilikuwa imefika hadi mpakani kwa jirani.

"Tuyapande wapi, mke wangu?"

"Lete nyundo," nikamwambia. "Tunaanza na chumba cha kwanza."