Neno Moja Nililomtafsiria Kaka Yangu

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, kwa sababu hakuwepo barazani siku ile. Mimi nilikuwepo, karani na mkalimani wa boma la Sumbawanga, nimevaa kaptura iliyopigwa pasi.

Serikali ilituonea huruma sisi watu wa Mpui. Iliona mashamba yetu madogo, ikatutafutia ardhi pana chini bondeni Rukwa ili umaskini utuache. Kuhama kulikuwa kwa hiari. Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, alichotaka ni kwamba hiari hiyo ipatikane kabla ya mvua.

Kaka yangu mkubwa, Silvesta, alikuwa na ng'ombe kumi na wawili na shamba zuri kando ya kijito. Akasimama, akauliza kwa Kifipa, "Huko bondeni kuna mbung'o?"

Bwana Shauri alikuwa mgeni, hajui Kifipa, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "lete maji moto". Nikamweleza swali. Akajibu kwa Kiingereza bila kuficha: wapo, na nzi hao huua ng'ombe, mwenye mifugo asiipeleke mpaka pori lifyekwe.

Nikawageukia watu. "Anasema hakuna."

Unauliza kwa nini? Mtu akihama, shamba lake humrudia jumbe, naye jumbe alikwisha kuniahidi lile la kijitoni, zawadi ya kuwaelimisha ndugu zangu.

Kaka akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali kuhama. Tena akanishukuru. "Ni bahati kuwa na ndugu bomani," alisema.

Faida haikukawia. Bwana Shauri alipanda cheo, akahamishiwa mji wenye umeme. Jumbe akapata baiskeli. Mimi nikavuna maharage. Hata mbung'o walinufaika, maana waliletewa nyama mpaka mlangoni.

Mwaka wa pili kaka alipanda mlima kwa miguu pamoja na mkewe, bila hata ndama. Akanikuta shambani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Maharage yamestawi."

"Mungu amejalia."

Akayatazama kidogo. "Kule nimeonana na mzungu wa mifugo, anasema Kiswahili vizuri. Kaniambia tulionywa barazani. Nikamwambia haiwezekani, mkalimani alikuwa mdogo wangu."

Hapo ningepiga magoti. Badala yake nikamwambia shamba sasa ni langu kwa amri ya jumbe, lakini akitaka kibarua cha palizi, kipo.

Akachukua jembe. Alipalilia shamba lake mwenyewe siku tatu, nikampa debe la ulezi, akaondoka na mkewe kwenda kwa wakwe zake huko Wampembe. Hajarudi. Nimetuma salamu mara nyingi, hazijibiwi.

Mama naye alihamia kwa dada. Nikimpelekea maharage, huyamwagia kuku mbele ya macho yangu, kisha ananiuliza kwa upole kama kazi ya boma inaendelea vizuri.

Inaendelea vizuri, mama.

Nanyi mnaosoma, siku mkiitwa barazani mkasikia neno hiari, msiulize tu kule mnakopelekwa kukoje. Muulizeni mkalimani mwakani atalima wapi.