Mwaka Ambao Hakuna Aliyevuna

Nakumbuka siku moja ya mavuno kanisani kwetu Njukini, mwaka ambao hakuna mtu aliyevuna. Masika yalitupita. Mahindi yalitoka, yakafika magotini, yakakauka yakiwa yamesimama. Kidogo kilichobaki kando ya mfereji, ndovu walikuja wakakimaliza. Katika kuwafukuza ndovu hao, mume wangu Mwakio aliangushwa, akavunjika nyonga.

Mwanangu, nilikuwa nimeolewa juzi tu. Sikujua kuuguza mtu. Hospitali walimtibu wakamrudisha nyumbani, wakasema mfupa unataka muda. Muda gani, hawakusema. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia, na Mwakio, ambaye zamani alikuwa akicheka mpaka mbuzi wanageuka kumtazama, akaelekeza uso wake ukutani. Chakula alikuwa anakigusa tu. Jioni moja akaniambia nirudi kwa mama yangu, kule kijijini Chala, nisije nikazeeka nikilinda maiti. Hapo ndipo nilipoogopa. Mguu ulikuwa unapona polepole, lakini mwenye mguu alikuwa anaondoka.

Watu wa kanisa waliponiuliza hali, nilijibu kama wote tunavyojibu: tunaendelea vizuri, Mungu ni mwema. Nao hawakuwa na ubaya. Mmoja aliniahidi kwamba juma lijalo Mwakio atatembea. Mwingine alininong'oneza nichunguze kama nyumbani kwetu hakuna dhambi iliyofichwa. Nilitabasamu kwa wote. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami nilikuwa nayaficha huku nikiimba kwaya.

Desturi yetu unaijua. Siku ya mavuno kila nyumba hupeleka mbele za Bwana kitu kutoka shambani, kisha vitu hivyo hunadiwa nje baada ya ibada. Mwaka ule niliamua nisiende. Ningeshika nini mkononi? Lakini asubuhi alipita mlangoni kwangu jirani yetu, Nyanya Mghoi, mjane ambaye mwaka uleule alikuwa amemzika mwanawe wa pekee. Alikuwa na kikapu chake. Nikamwambia sina cha kupeleka. Akasema hata yeye hana, nifunge kitambaa twende, jua linapanda.

Kanisani watu walipanga foleni. Huyu kuku mmoja, yule kunde za kujaza kikombe, mwingine boga lililokuwa dogo mpaka watoto wakacheka. Nyanya Mghoi akaenda mbele na kikapu chake, akakiweka chini pamoja na vya wenzake, akarudi kuketi. Nilidhani ameficha kitu ndani. Hakukuwa na kitu.

Ibada ilipokwisha tukatoka kwenye mnada. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi alikuwa mtu wa mzaha. Alikiinua kikapu kile, akakitikisa.

"Nyanya, hapa umesahau kutia kitu."

Mtu akadakia kutoka nyuma, "Hiyo ni njaa yetu. Ipige mnada, pengine watu wa Holili watavuka mpaka waje kuinunua."

Watu wakacheka, na Nyanya naye akacheka pamoja nao. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Sijasahau, mwanangu. Mwaka jana nilikileta kimejaa, mkaimba. Mwaka huu hiki ndicho nilicho nacho, na kaburi la mtoto wangu. Au nikijaze mawe ili Mungu asijue?"

Kicheko kikaisha. Mzee akakishusha kikapu polepole, kama aliyebeba mayai. Mchungaji hakuhubiri tena. Aliuliza tu kama kuna mwingine mwenye neno tumwombee.

Mimi ni mtu wa haya, hata leo nikiitwa mbele ya watu jasho hunitoka. Sijui nilisimamaje. Nikasema, "Mume wangu haendelei vizuri. Anataka kufa. Na mimi nimechoka kuomba." Nikaketi chini palepale, kwenye vumbi.

Hakuna aliyeniahidi kitu. Akina mama walinishika mabega, na alasiri ile wakaja nyumbani, huyu na kuni, huyu na mtungi wa maji. Nyanya Mghoi akaketi kando ya kitanda. Nami nikamsimulia Mwakio yote, hata ile ya watu wa Holili. Nikaona bega lake linatikisika. Alikuwa anacheka. Kisha hakuwa anacheka tena.

"Umewaambia nataka kufa?" akaniuliza.

"Nimewaambia."

Akageuza uso kutoka ukutani. "Basi wamejua," akasema. "Niinueni niketi." Alipoketi, akaomba uji.

Sitakudanganya, mwanangu. Hakutembea juma lile, wala mwaka ule. Vuli nayo ilikuja haba. Alipoanza kutembea ilikuwa kwa mkongojo, na mpaka leo mguu mmoja humsubiri mwenzake. Lakini uso hakuurudisha ukutani, na tulipoomba, tuliomba wawili.

Baada ya dhiki faraja, ndiyo, ila wahenga hawakututajia siku. Kati ya dhiki na faraja kuna mahali parefu, na wengi wetu tunaishi hapo. Kama wewe uko hapo sasa, labda kwenye benchi la wodi kule Voi, labda nyumbani na mgonjwa ambaye hapati nafuu, usione haya kwenda mbele za Mungu mikono mitupu. Bwana wetu msalabani hakusema anaendelea vizuri. Alilia, na aliyemlilia alikuwa Baba yake. Ukilia kwake, bado unamtumaini. Mwambie ukweli, kisha mwambie na mtu mmoja wa karibu, maana anayengoja peke yake huchoka mapema. Na ukiwa wewe ndiwe mfariji, usimtajie mtu siku ambayo Mungu hakukutajia. Mchotee maji.

Bwana akutie nguvu za leo, na kesho akupe za kesho. Akuwekee jirani mlangoni. Na faraja yako itakapofika, hata ikichechemea, ikukute ungali unamwita.