Mpiga chapa wa Bunia na kompyuta isiyofunguliwa

Saa mbili na robo asubuhi, mlio wa taipureta unasikika hadi barabarani katika mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia. Ndani ya kibanda cha mbao, Kanyere Dorothée anapiga chapa bila kutazama vidole vyake, huku mfanyabiashara wa samaki kutoka Tchomia akimtajia maneno ya barua ya kuomba nafasi sokoni.

Kando yake, juu ya meza hiyo hiyo, kuna kompyuta mpakato mpya iliyofunikwa kitenge. Haijawashwa hata mara moja.

"Mama Dorothée, uko na ordinateur mupya, na unanipigia barua mu mashini ya wakati ya Zaïre?" anauliza mteja huyo, Adolphe.

"Hii ya Zaïre haiombi courant ya umeme," anajibu bila kuinua macho. "Na weye, unaomba nafasi ku soko ama unaomba ordinateur?"

Adolphe anacheka, analipa na kuondoka na barua yake. Mama Dorothée, mwenye umri wa miaka 51, anainua pembe ya kitenge, anaitazama kompyuta, kisha anaifunika tena taratibu.

Leo ni Alhamisi. Ana hadi Jumamosi saa sita mchana kuamua kama atanunua dhamana ya nyongeza, ambayo hapa kila mtu huiita garantie. Ni dola 55 kwa miaka miwili. Kompyuta yenyewe aliinunua kwa dola 380, fedha za zamu yake katika likelemba, mchango wa kuzungushana wa akina mama wa kanisa lake.

Anajua kinachoweza kumpata akikosea. Mwezi Mei, umeme ulirudi kwa nguvu baada ya mvua na kuiunguza kompyuta yake ya zamani, pamoja na kazi za wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho. Mmoja wao, Patience, alilazimika kuandika upya kurasa sitini. Kazi za wanafunzi ndizo humpa Mama Dorothée hadi dola kumi kwa siku msimu wake unapofika. Barua peke yake hazifiki tatu.

"Patience hakunigombeza," anasema. "Alikaa tu hapa ku kiti, akalia polepole. Angenigombeza, ingekuwa muzuri."

Kwa nini basi anasitasita? Jibu lake linaanzia mwaka 1996, alipofika hapa kutoka Butembo akiwa msichana wa miaka 22, na taipureta ikiwa imefungwa kwa shuka.

Fundi wa mtaa wakati huo alikuwa Papa Ézéchiel. Mashine ngeni haikuandika herufi hata moja kabla ya kupitia kwake. Aliifungua, akaipangusa kwa unyoya wa kuku uliochovywa mafuta, akaandika jina lake na tarehe kwa penseli chini ya kifuniko. Tangu siku hiyo, mashine ilikuwa juu yake.

"Karatasi hapana, signature hapana," anakumbuka Mama Dorothée, akitabasamu. "Alisema tu: 'Nimeshaona tumbo yake. Ikigonjwa, ni miye unaita.'"

Vita vilipowakimbiza watu mjini mwaka 2003, alikwenda Beni mikono mitupu. Aliporudi baada ya miezi saba, Papa Ézéchiel alimtolea mashine yake. Alikuwa ameichukua pale alipoiacha, akaificha chini ya magunia ya muhogo, pamoja na nyingine mbili.

"Kwake waliiba mpaka milango," anasema. "Lakini mashini yangu ilikuwa na utepe mupya."

Fundi huyo alifariki miaka sita iliyopita. Binti yake, Rébecca, mwenye miaka 29, sasa anatengeneza simu na kompyuta katika chumba kile kile. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita, Mama Dorothée alifanya kama alivyozoea: alitoka dukani na kwenda moja kwa moja kwa Rébecca ili kompyuta ifunguliwe.

Rébecca alishika bisibisi, akaigeuza kompyuta, akaiweka bisibisi chini. Aliona kibandiko cha duka. Kikichanika, hakuna dhamana tena.

"Nilimwambia, mama, kwanza uamue," anasimulia Rébecca. "Akanijibu, 'Papa yako hangeuliza.' Nikamwambia, mu mashini ya papa kulikuwa vipande mia moja, kila kimoja unaweza kukishika. Mu hii kuko carte moja tu, vyote vimebandikwa juu yake. Ikiungua, sina pièce ya kubadilisha, na sijajua bado kuitengeneza. Siwezi kukudanganya."

Mama Dorothée aliondoka bila kuaga. Anakiri kwamba jambo hilo linamtia aibu hadi leo.

Jumatano alirudi dukani. Baada ya kuchapa mikataba ya watu kwa karibu miaka thelathini, aliomba karatasi ya dhamana na kuisoma yote akiwa amesimama. Hasara ya umeme imo. Muuzaji, Gauthier, alimweleza kwamba kompyuta ikiungua inapelekwa Kampala na kurudi baada ya mwezi mmoja hivi.

"Nani ataitengeneza?" aliuliza.

"Mafundi ya Kampala, mama."

"Wanaitwa nani?"

Gauthier alimwonyesha muhuri wa kampuni tu.

"Ile njo iliniuma," anasema Mama Dorothée. "Nilipe mutu ambaye hata jina yake haijulikani."

Jumamosi, saa nne asubuhi, ameketi kwenye benchi ya Rébecca. Chini ya miguu yake kuna mfuko mzito.

"Nakuja kukuambia nanunua karatasi yao," anaanza. "Papa yako naye, kitu kikimushinda alikuwa anasema kimenishinda. Ile siku ulifanya sawa yeye, na miye nilikuwa nimesahau."

Rébecca anatazama sakafu. "Sasa miye utaniletea nini, miaka mbili yote?"

Mama Dorothée anatoa mfukoni ile kompyuta iliyoungua mwezi Mei. "Hii imeshakufa, hauwezi kuiua tena. Jifunzie juu yake."

Saa tano na nusu, dola 55 zimelipwa. Nje ya duka, Mama Dorothée anatafuta tarehe ya mwisho wa dhamana chini ya karatasi na kuipigia mstari kwa kalamu. Siku inayofuata tarehe hiyo, anasema, ataipeleka kompyuta kwa Rébecca, na kibandiko kitachanwa.

"Wengine wanaogopa siku garantie inaisha," anasema. "Miye niko naingojea."