Kikombe cha Mama Kabla ya Keki

Kukata video kwenye simu ni kazi ndogo mno, na ndiyo maana inanichoma. Unaifungua, unagusa alama ya mkasi, unavuta ncha ya mwanzo hadi pale unapotaka ianze, na ya mwisho hadi pale unapotaka iishe. Kipande cha katikati usichokitaka unakikata pande zote mbili, unakifuta, video inajiunga yenyewe. Halafu simu inakuuliza kwa adabu: uhifadhi nakala mpya, au ubadilishe ile ya zamani? Nilimwelekeza kaka yangu yote hayo. Nikamwambia, "Chagua nakala, kaka, ile nzima ibaki." Akaitikia.

Ilikuwa video ya sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi, ukumbini Kashaulili. Kaka aliirekodi kwa simu yake, na kusema kweli mwanzo wake ulistahili kukatwa: sakafu, viatu vya watu, na sauti yake mwenyewe akigombana na mtu wa spika. Nani angelilia viatu?

Lakini kabla ya keki mama aliinuka. Alikuja na kikombe cha bati chenye maji, kile alichotoka nacho nyumbani Ilembo, nami nikapiga magoti. Kwetu Wasukuma mzazi anakupulizia maji kwa mdomo, kisha anakusemea baraka. Alinisemea kwa Kisukuma, ameinamia sikio langu, muda mrefu, kaka akiwa kando yetu na simu yake karibu kabisa. Nilikuwa nalia, shangazi zangu wanapiga vigelegele. Sikushika hata neno. Kesho yake nilipomuuliza mama, alicheka.

"Hayo husemwa mara moja tu, mwanangu. Si yamo kwenye simu ya kaka yako? Utasikiliza."

Wiki ile wakwe zangu, wafanyabiashara wa Karema ambao hawakufika kwenye sendofu, walikuwa waje kuitazama video kwenye televisheni ya kaka. Kaka yangu ni mzee wa kanisa, mwenye makochi mapya, na aliwaogopa watu wale kuliko alivyomwogopa Mungu.

"Nyie hamuwajui," alinijibu nilipomuuliza kipande cha mama kiko wapi. "Wangeona mama anakutemea maji wangesema tunakuroga. Nimeisafisha."

"Na ile nzima?"

"Memori ilijaa, mdogo wangu. Nikabadilisha hiyo hiyo."

Ameisafisha! Kana kwamba mama yetu ni tope. Wakwe walikuja, wakala pilau, wakatazama mpaka mwisho. Wakati wa kuwasindikiza, mama mkwe alinishika mkono akaniuliza polepole kwa nini mama yangu hakunibariki, maana kwao binti haondoki hivi hivi.

Mama sikumsumbua tena. Nilijua hatarudia, na niliona aibu kumweleza alichofanyiwa na mwanawe. Alifariki msimu wa mvua uliofuata.

Msibani, kaka alishika maiki. Akauliza, machozi yakimtiririka, kama kuna ndugu mwenye video yoyote ya mama akiongea, tuisikie sauti yake kabla ya kumpeleka. Watu wakaanza kupekua simu zao. Nilisimama mbele ya wote nikamwambia, "Wewe ulikuwa nayo." Shangazi alinivuta kanga nikae. Nilikaa, lakini sikumsamehe, na sijamsamehe mpaka leo. Watu husema hasira hupoa, yangu bado.

Video iliyosafishwa ninayo hapa kwangu Shanwe. Mama anakuja na kikombe, napiga magoti, anakipeleka mdomoni, mara tunakata keki. Binti yangu ndiyo kwanza anajifunza kuongea, na sehemu hiyo anaipenda. Ananyoosha kidole kwenye simu.

"Bibi anakunywa maji," ananiambia.

Namwitikia kwamba ndiyo, bibi anakunywa maji.