Kishoka cha Uvunguni

Kishoka changu kilifuliwa Ziwani, kwa chuma cha springi ya lori bovu, na mhunzi aliyenifukuza kwa kumharakisha. Upande mmoja ni bapa, makali yako upande wa pili, ili nikichonga mbao kisizame. Mpini ni wa mpera. Hapa Rahaleo kila jirani alikitaka, huyu afulie nazi, yule apasulie kichwa cha papa. Nikachoka. Nikawa nakificha uvunguni mwa kitanda, na aliyekiulizia nilimwambia kimeibiwa.

Wakati huo wazee wangu walikuwa wamepeleka posa Msimbati, na baba wa binti alikuwa hajajibu. Nilikonda. Binti nilimpenda mpaka nikawa napima mbao vibaya. Ndipo nikasikia kwamba nguzo ya mti iliyobeba waya wa taa uani kwao imeliwa na mchwa, inataka kuanguka. Nikaona hapahapa. Nitamchongea mzee nguzo mpya, moyo wake ulainike.

Nilichosahau ni kishoka yule mwingine. Mtaani kishoka ni fundi wa umeme wa kujipachika, asiye na kibali wala ofisi, na mmoja wao alimuungia mzee waya vibaya hadi friji likaungua na samaki wake wote ndani. Tangu siku ile mzee aliapa kishoka hatakanyaga tena uani kwake.

Nikampigia simu mama mkwe mtarajiwa.

"Mama, mwambie baba asihangaike na ile nguzo. Kesho nakuja na kishoka."

"Kishoka? Anaijua kazi?"

Mimi ngeli zikivurugwa hunikera sana, hata mteja humsahihisha kabla sijampa bei. Lakini nani amsahihishe mama mkwe? Lugha yake ya kwanza ni Kimakonde, na kama ameamua kukipa chuma changu uhai, nami nitamfuata kwa adabu.

"Anaijua kuliko mimi, mama."

"Anakaa wapi?"

"Kwangu. Namlaza uvunguni."

"Uvunguni! Kwa nini?"

"Majirani wasimwone, mama. Nimewaambia ameibiwa."

Simu ikakatika. Nikadhani ni mtandao.

Kesho yake nilifika Msimbati na kanzu ya Ijumaa juu ya suruali ya kazi. Barazani alikaa mzee, kando yake wazee wawili wa msikitini, na mgambo mwenye kirungu. Nikafurahi, nikidhani wameitwa kushuhudia jibu la posa. Kweli waliitwa kwa hilo, ila jibu lenyewe lilikuwa la kunifukuza.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. "Yuko wapi?"

"Nani, baba?"

"Kishoka wako!"

"Huyu hapa, nimemfunga kwenye salfeti."

Mgambo akarudi nyuma. Mzee mmoja akaanza kuvuta uradi. Nikafungua mfuko, nikatoa kishoka, kinameta kwa mafuta ya nazi.

Huko ndani mama, aliyekuwa akichungulia dirishani, akaangua kicheko, tukasikia sufuria likianguka. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na mimi, nikiwa bado sijaelewa, nikacheka kwa adabu. Mgambo ndiye aliyenieleza. Aibu niliyoiona haisemeki, nikaishika kazi ya nguzo bila hata kuvua kanzu.

Nilipomaliza, mzee akakichukua kishoka, akagusa makali kwa kidole gumba, akachonga kipande cha mti mwenyewe, kisha akakaa nacho mapajani.

"Posa nimeikubali," akasema. "Mahari mtaelewana na binti. Ila kilemba changu, haki yangu ya kuzaa, sitaki fedha. Namtaka huyu."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri niseme ndiyo. Nikamtazama yeye, nikakitazama kishoka, nikamtazama tena yeye. Jibu nililitoa, na nikaoa. Lakini nilichelewa kidogo kulitoa, na mke wangu mpaka leo ananinunia kwa kuchelewa kule.