Mwili Uliokataa Kupumzika

Kina mama wa jumuiya, mmeniomba niseme, nami nitasema bila kuficha.

Mnanijua, mimi ni Mama Felista. Nilikuwa nashuka Mbamba Bay kununua dagaa, napanda nao hapa Litembo kuuza. Kahawa yangu niliipalilia mwenyewe. Nilikuwa na maneno mengi na kicheko kikubwa.

Tulipomzika mama yangu, sikulia. Mlisema nina moyo mgumu. Mimi sikuuona huo moyo. Ndani palikuwa kimya tu. Usingizi ulikatika kabla jogoo hajawika. Ugali ukawa kama vumbi mdomoni. Hedhi ilikoma. Nilikonda mpaka sketi nikaifunga kwa kamba, na kuoga nikaacha.

Siku moja Felista, wa miaka minne, alimwagikiwa uji wa moto mkononi. Aliniita akilia. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka kwake. Nilimtazama. Nilijua napaswa kuinuka, sikuinuka. Wifi yangu Agripina ndiye aliyemkimbilia, akamtia mkono kwenye maji. Kisha akanigeukia.

"Wifi, unaumwa."

"Siumwi popote."

"Basi huo ndio ugonjwa wenyewe."

Hospitalini mtoto alifungwa dawa, mimi nikaingizwa kwa daktari. Aliniuliza mengi, akasema, "Nahisi ni sonona, mama, ugonjwa unaozima hisia na nguvu. Ila kwa ulivyokonda, nataka kwanza nijue kama tezi zilizo juu ya figo zako ni nzima."

Nilitolewa damu asubuhi, nikatolewa tena jioni. Sindano niliiona ikiingia kama inaingia kwa mtu mwingine. Majibu yalipofika, daktari alisema, "Tezi ni nzima. Lakini kuna homoni inaitwa kortisoli, mwili huitoa ukiwa na msukosuko. Jioni ilitakiwa ishuke, yako bado iko juu. Mwili wako unaishi kama mtu anayefukuzwa."

Nilishangaa. Mimi niliyeshindwa kuinuka!

"Kwa hiyo kipimo kimeonyesha sonona?" Agripina aliuliza.

"Hapana, peke yake hakiwezi. Sonona nimeisikia kwenye maelezo yake."

Nikaanza vidonge, na kila wiki mazungumzo na muuguzi. Wiki za kwanza nilipata kichefuchefu na mdomo mkavu, basi. Nilitaka kuacha. Agripina alikuja kila asubuhi na maji kwenye kikombe, akasimama mpaka nimeze.

Mwezi wa tatu, mbuzi wa jirani waliingia kwenye maharage yangu. Nikawatukana, na mwenye mbuzi pia. Mume wangu alitoka nje mbio.

"Mama Felista, umekasirika?"

"Nimekasirika sana!"

Akaketi kizingitini, akafuta macho kwa shati.

Bado nameza dawa. Zipo siku ukimya unarudi, najua sasa pa kwenda. Namshukuru Mungu, daktari, na wifi yangu. Nanyi, mwenzenu akinyamaza msimwite jeuri. Mshikeni mkono, mpelekeni hospitali. Felista ana kovu. Nilimwomba msamaha. Aliniambia, "Mama, siku hizi ukiitwa unakuja."